Bongo Zilizoishia Igawa

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara walinipa keki, kitenge na ombi: niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yao. Keki iliisha palepale, kitenge nimeshakivaa kanisani, limebaki ombi. Naandika nikiwa nyumbani Kihesa. Sitaandika nilipandishwa daraja lini, maana hayo yako kwenye faili na hayajawahi kumfundisha mtu kitu. Nitaandika habari za ubongo. Kazi yangu ilikuwa kutoa ubongo wa mnyama kwenye fuvu bila kuuchana, kuuhifadhi na kuupima. Watu wakiniuliza harusini ninafanya kazi gani, nilikuwa nasema, "Niko mifugo." Iliwasaidia kuendelea kula.

Nilitoka Kilolo na cheti changu cha ufundi sanifu nikidhani nitakuwa mtu wa kupima maziwa. Maabara ya mifugo pale Iringa ilikuwa na vyumba vichache, na mimi nikapangwa cha mwisho, kwa Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa mjini, babu zake watu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi Wahehe tuliona haya kufungua mdomo mbele yake. Asubuhi ya kwanza alinipa glavu, aproni ya mpira na miwani, akanisogezea beseni. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha mbwa.

"Sela, mwanangu, umewahi kuona ubongo?"

"Wa mbuzi, mzee. Kwenye supu."

"Haya, leo utaona usioliwa."

Tulikuwa tunapima kichaa cha mbwa. Mbwa akimng'ata mtu na akashukiwa, kichwa kinaletwa kwetu, na aliyeng'atwa anasubiri majibu roho mkononi. Mzee Shabani alinifundisha kuanza na ngozi, kisha minofu ya mashavuni, kisha msumeno unaozunguka fuvu bila kuzama, halafu tindo. Kifuniko cha fuvu unakiinua taratibu, kama mtu anayefunua chungu na hataki mvuke umuunguze. Unakigeuza kichwa, unauacha ubongo ushuke kwa uzito wake, wewe unakata mishipa tu. Ubongo mbichi ni laini kama uji uliopoa. Ukiushika kwa papara unabaki na vidole vyako.

Ndani kabisa kuna kipande kilichojikunja, wataalamu wanakiita hipokampasi. Mzee alisema jina hilo limetokana na samaki mmoja wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi. Mimi bahari sikuwa nimeiona, nikamwambia naona korosho. Alikubali. Tangu siku hiyo chumbani kwetu tulisema "korosho", na nyinyi mnaosema hivyo bila kujua lilikotoka, ndiko huko. Kichaa cha mbwa kilipenda kujificha kwenye korosho, ndiyo maana tuliitafuta kwanza.

Kwa kuwa dini ya Mzee Shabani inamtaka anayeguswa na mate ya mbwa ajioshe mara saba, moja kwa udongo, alikuwa na kopo la udongo chini ya sinki. Mkaguzi mmoja aliliona akauliza hiyo ni dawa gani na inaisha lini. Mzee akamjibu kwa adabu zote kwamba ni udongo na hauishi.

Kazi ngumu hazikuwa zile za vichwa vilivyooza. Ngumu zilikuwa kama ile ya baba mmoja aliyeleta mbwa aliyempiga shoka kichwani. Mwanawe alikuwa ameng'atwa shavuni. Nilifungua nikakuta ubongo umechanganyika na vipande vya mfupa, hakuna cha kupima. Baba yule alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Nilikuwa na hasira, dada."

Mzee Shabani hakumlaumu. Alimwambia amkimbize mtoto hospitali akachomwe sindano bila kungoja majibu yetu, na mtoto alipona. Lakini aliponigeukia alisema, "Watu hawajui tunahitaji nini. Nani amewahi kuwaambia?" Mimi nilidhani anaongelea mashoka.

Mzee alistaafu, na miaka michache baadaye tukamzika. Nilibaki na chumba, tindo zake na kopo. Baada ya hapo ndipo akaja Daktari Lusajo.

Lusajo alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti mahali pasipostahili. Alikuwa amesomea wanyamapori, na alikuja kuomba ruhusa ya kutumia chumba chetu. Mimi nilikuwa nimefungua vichwa maisha yangu yote ya kazi nikitafuta ugonjwa. Yeye alitaka kujua ubongo mzima unafanya nini. Siku ya kwanza aliweka mezani bongo mbili zilizokazwa kwa fomalini, dawa ya kuhifadhia viungo, ndogo zote. Moja ilikuwa ya fuko, mmoja wa wale wanaoharibu viazi, na nyingine ya komba.

"Mama Sela, niambie unachokiona."

Niliangalia. Komba alikuwa amejaa sehemu ya nyuma, ile inayoshughulika na macho. Fuko pale nyuma alikuwa kama hana kitu.

"Huyu anaona, huyu haoni," nikasema.

"Basi! Umeshaelewa nusu ya kazi. Maisha ya mnyama yanaandikwa humu. Kinachotumika sana kinapewa nafasi, kisichotumika kinanyang'anywa."

Alinionya pia nisidanganyike na ukubwa. Ng'ombe ana ubongo mkubwa kuliko nguchiro, lakini jaribu kumtega nguchiro mara mbili kwenye tundu moja. Ukubwa wa ubongo wote unafuata sana ukubwa wa mwili. Cha kupima ni sehemu kwa sehemu. Panya buku, anayeishi kwa pua na kuficha chakula chake ardhini, ana vinundu vya harufu vikubwa mbele kabisa. Popo anayewinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake ana sehemu ya masikio iliyovimba. Fisi, ambaye huishi kwenye ukoo wenye wakubwa na wadogo na lazima ajue amwamkie nani, ana sehemu ya mbele iliyoshiba. Nilimwambia kwa hesabu hiyo sisi wa ofisi za serikali tungepasuka mapaji ya uso. Akacheka hadi mhasibu akaja kuchungulia.

Swali lake kubwa lilikuwa juu ya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia kwenye majani makavu ya misitu ya Kilolo. Sange hukumbuka njia zake msituni, na Lusajo alitaka kujua kama korosho yake imezidi ya panya wa ukubwa uleule. Baadaye swali likakua: wanyama wote wa nyanda hizi, wa msituni na wa mashambani, wanaokaa peke yao na wanaokaa kwa makundi. Hakuua mnyama hata mmoja. Alitembea vijiji, akanywa ulanzi na wazee, akawaomba walinzi wa misitu na wakulima wampigie simu wakikuta mnyama amekufa. Walimpigia. Nimemfuata nyuma ya pikipiki nikiwa na ndoo ya fomalini mapajani, kwenda kumchukua mbega aliyepigwa na radi.

Siku moja alipigiwa simu kutoka msitu wa mlima Rungwe. Kipunji jike amenaswa kwenye mtego wa mtu aliyetaka paa, amekutwa amekufa. Mnajua kipunji ni kima wa kwetu tu, hawapatikani nchi nyingine, na wenyewe ni wachache. Lusajo alisafiri na kibali, akarudi na kichwa kwenye boksi la barafu. Nilikifungua mimi. Mikono yangu haikuwahi kutulia vile. Ulipotoka mzima, hauna hata mkwaruzo, Lusajo hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, huu hakuna mtu aliyewahi kuupima," alisema. Nadhani hata baadaye hakuna aliyeupima mwingine.

Tulipima uzito wa kila ubongo na kuuacha hapo. Kazi yenyewe, ya kuukata vipande vyembamba na kupima kila sehemu, ilihitaji mashine ambayo Iringa haikuwepo. Ilikuwepo Mbeya, na baada ya kuandika maombi mengi Lusajo akapata nafasi huko, mimi nikahamishwa naye. Yeye alitangulia kuandaa chumba. Mimi nilipewa mzigo: mitungi na ndoo zote za bongo, vikiwa vimefungwa kwa majani makavu nyuma ya pikapu, na dereva kijana aitwaye Chesko ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzi yake na hakuongea kitu kingine tangu Iringa hadi Makambako.

Tairi lilipasuka tunakaribia Igawa. Chesko alilishika gari vizuri, hatukupinduka, lakini tulitoka barabarani na mlango wa nyuma ukafunguka. Mitungi miwili ikaanguka. Mmoja ulikuwa wa nguruwe. Wa pili ulikuwa wa kipunji.

Pale barabarani kuna biashara siku zote. Watu walikuja mbio kutusaidia, hilo nataka mlijue. Mwanamke aliyekuwa anauza vitunguu ndiye aliyefika wa kwanza, na alikuwa ananiuliza, "Mama, umeumia?" ndipo akaangalia chini. Ubongo wa kipunji ulikuwa kwenye lami, mweupe, una mikunjo, unajaa kiganjani. Harufu ya fomalini ilimpiga akarudi nyuma.

"Ubongo wa mtoto!" alipiga yowe. "Jamani, huu ni wa mtoto!"

Wale waliokuwa wanakuja kutusaidia walifika wakiwa watu wengine. Mmoja alipanda kwenye pikapu akafunua turubai, akaona ndoo kwa ndoo. "Wachuna ngozi hawa!" Nilisikia neno hilo likipita nyuma kutoka kinywa hadi kinywa. Nilitoa kibali chenye muhuri.

"Karatasi kila mtu anayo," kijana mmoja akasema, na hakuwa mkali, alikuwa anasema kweli.

Nilimpigia Lusajo. "Naondoka sasa hivi," alisema, "nakuja na polisi. Mama Sela, nakuomba, usiwaache waviguse." Nikiwa bado na simu sikioni, jiwe lilimpata Chesko juu ya jicho. Alikaa chini kando ya gurudumu, damu inamwagika shatini. Hakuongea tena habari za mtoto wake.

Mzee mmoja mfugaji alijipenyeza hadi mbele, Msukuma wa wale waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Wengine walimwita Mzee Masanja na walimpisha. Alisimama kati ya watu na Chesko, fimbo ameishika kwa kulala.

"Mama, unasema hizi ni za wanyama. Ng'ombe yupo?"

Nilimfungulia ndoo ya ng'ombe. Aliuangalia, akaugeuza kwa ncha ya fimbo.

"Ng'ombe huyu," aliwaambia watu. "Huyu namjua." Kelele zilishuka kidogo. "Na huo wa pale chini?"

"Kima, mzee. Kipunji."

"Ndiyo nini?"

Nilieleza. Nilisema ni kima wa Rungwe, nikasema ni wachache, nikasema tunatafiti uhusiano wa maumbile na tabia. Nilisikia sauti yangu ikiongea kama ripoti. Mwanamke wa vitunguu alikuwa analia kweli, machozi ya fomalini na ya huzuni pamoja, ameushika ule ubongo kwenye khanga yake kama mtu anayemfunika marehemu. Hakuna aliyewahi kumsikia mnyama huyo. Mzee Masanja aliniinamia.

"Mama, mimi nakuamini. Hawa siwawezi kwa muda mrefu. Ukitaka huyu dereva wako arudi kwao, hivi vitu vichomwe. Tena uvitoe wewe mwenyewe. Wakivitoa wao hawataishia kwenye vitu."

Nilimwangalia Chesko. Nilifikiria Lusajo yuko wapi njiani. Nikasema, "Lete tairi, tuwashe moto."

Nilivua viatu nikapanda kwenye pikapu nikaanza kushusha. Wakamwaga dizeli. Ubongo uliokaa kwenye fomalini hauungui kirahisi, unachemka kwanza, na moshi wake unakata pumzi, kwa hiyo niliwaambia wasimame upande upepo unakotoka. Walinitii. Sijui ni hilo lililonifanya niendelee kuongea, au ni kwamba sikuweza kuwatupa motoni bila kuwataja. Kila mtungi nilioushusha nilisema wa nani.

"Huyu ni fuko. Anakaa gizani, mahali pa macho pamebaki kidogo sana. Angalieni."

"Huyu ni popo. Hii hapa ndiyo ya kusikilizia."

"Panya buku. Hivi viwili vya mbele ni vya pua."

Walikuwa wananisogelea. Kijana aliyesema kila mtu ana karatasi alichuchumaa karibu kabisa na miguu yangu. "Kumbe ndiyo maana panya buku humfichi karanga," akasema, na mtu akacheka. Mwingine akauliza, "Na fisi je? Fisi mnaye?" Nikamwonyesha fisi, nikamwonyesha sehemu ya mbele, nikaeleza habari za ukoo wao, na jinsi mtoto wa jike mkubwa anavyoheshimiwa na fisi wazima. Walinyamaza kabisa wakasikiliza. Mwanamke wa vitunguu alikuja na ule aliokuwa nao kwenye khanga.

"Kwa hiyo huyu kweli ni nyani?"

"Kima, mama. Mlinzi alisema alikuwa ananyonyesha, mtoto wake hakuonekana."

Aliutazama tena, halafu akautazama moto, halafu akanitazama mimi kama anayengoja nimwambie afanye nini. Nyuma yake kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamesikia chochote, waliofika baadaye, bado wanapiga kelele wakitaka uingie motoni. Mzee Masanja alitikisa kichwa. Mama yule aliuweka mwenyewe, polepole, ukingoni mwa moto, akaisukuma khanga nayo ikaungua.

Siwalaumu watu wa pale. Mtu aliyekuta mitungi ile njiani, katika nchi ambayo tumezika watu waliouawa kwa ajili ya viungo vyao, alikuwa na haki ya kuogopa. Ninachojuta ni kwamba robo saa ya maneno ya kawaida ilitosha kuwageuza, na maneno hayo niliyapata nikiwa tayari nachoma. Miaka yote ile tulipita barabara ile ile, tukala mahindi yao, tukanunua vitunguu vyao, na hatukuwahi kusimama kumwambia yeyote tunachokifanya. Ndipo nilipoyaelewa maneno ya Mzee Shabani siku ya shoka.

Lusajo alifika na askari wawili jua likiwa limeegemea magharibi. Moto ulikuwa umebaki waya za tairi. Aliruka kutoka garini akaja hadi kwangu.

"Chesko?"

"Mzima. Wamempeleka zahanati kushonwa."

"Basi, mama. Basi."

Hakuniambia neno baya siku ile wala nyingine. Ningependa angeniambia. Alizunguka pale pa moto, akaokota kifuniko cha mtungi, akakirudisha chini. Tulifika Mbeya na pikapu tupu. Ile mashine ya kukata ilikuwa imeshafunuliwa, imepakwa mafuta, imewekewa wembe mpya. Nilitumia mashine hiyo hadi nilipostaafu, kwa ini na figo za kuku wenye mdondo. Inafanya kazi vizuri. Itunzeni.

Lusajo alijaribu kidogo kisha akaacha. Alifundisha, akachoka, akarudi kwao Tukuyu kulima parachichi. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumsalimia, na kila mwaka nikapata udhuru. Nimekwenda sasa, baada ya kustaafu. Nilimkuta shambani amevaa buti, mvi zimejaa, akanipokea kwa mikono miwili. Mkewe alinipikia ndizi za maziwa. Tuliongea habari za Chesko, ambaye ana basi lake dogo na kovu analowadanganya abiria kwamba alilipata kwa simba. Akacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamuuliza kwa nini aliacha.

"Wale wanyama niliwaomba kwa watu," alisema. "Mlinzi wa Rungwe alimbeba yule kipunji mgongoni kutwa nzima hadi barabarani, kwa sababu nilimwahidi kwamba hatakuwa amekufa bure. Mwaka uliofuata akaniuliza, daktari, mlikuta nini? Nikamwambia bado tunapima. Nimemwambia hivyo hadi akaacha kuuliza."

Mkewe aliniongezea chai. "Bado wanampigia," aliniambia taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nyumbani. "Wale walinzi. Mwezi uliopita wamepiga tena, kuna mnyama wamemkuta amekufa huko juu."

"Ukawaambia nini?" nilimuuliza Lusajo.

"Wamzike."

"Alikuwa mnyama gani?"

Lusajo aliangalia miparachichi yake, safu baada ya safu hadi kule korongoni.

"Sikuuliza," akasema.